Minazi Kumi na Mmoja ya Mwinyimadi

Sogeeni wanangu, sogeeni kabisa, maana sauti yangu leo haifiki hata mlangoni, na wewe Mwanahalima hebu weka chini hilo pepeo, utanipeperusha kabla ya siku yangu. Namshukuru Mola aliyeniachia akili zangu mpaka alasiri hii, na namwomba aniachie na pumzi ya kumaliza, maana mnajua wenyewe baba yenu akianza kusema hamalizi upesi. Mimi Maneno, mzaliwa wa hapa hapa Mzenga, nasema mbele yenu wanangu sita, wanawake watano na mwanamume mmoja, na jambo lenyewe hasa ni hili: lile shamba la Vihingo si langu. Msinitazame hivyo, sijachanganyikiwa. Nimelila miaka ishirini na miwili, na nisipolirudisha kwa mwenyewe nitaingia kaburini na mali ya mtu shingoni.

Mengine yote ni mepesi. Nyumba hii na shamba la hapa nyumbani, mwalimu wa msikitini atawagawia kisheria, kila mtu na fungu lake. Kile kipande cha Pangani, kule Kibaha, nilichokipata kwa jasho la mkonge, nacho kiingie humo humo kwenye mirathi. Kanga za mama yenu zimekwisha gawanywa, na sitaki kusikia mtu na ndugu yake wamenuniana kwa ajili ya sufuria. Sasa tulieni niwaeleze la Vihingo, na atakayetaka kucheka acheke, mimi mwenyewe huwa nacheka halafu naona haya.

Nilipokuwa kijana nilikwenda kutafuta kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Mlandizi. Mgiriki mwenye shamba aliniona mikono yangu haitetemeki, akanitoa kwenye kukata mkonge akaniweka barazani kwake, kazi yangu kumimina kahawa. Jumamosi mchana walikuwa wanakuja mabwana wenzake kucheza kamari. Siku nyingine ni karata, unachagua tu upande huu au upande ule, lakini kipenzi chao kilikuwa gurudumu dogo lenye vyumba vyekundu na vyeusi. Wanalizungusha, wanatupia kijimpira cheupe, na kila mtu ameshaweka pesa yake kwenye rangi anayoitaka. Rangi yako ikitoka unarudishiwa mara mbili, isipotoka ndiyo imekwenda. Kulikuwa na chumba kimoja cha kijani, na kijimpira kikiangukia humo mwenye gurudumu anazoa meza nzima.

Basi wawili kati yao walikuwa hawapatani hata kidogo, mmoja mrefu, mmoja ana kipara. Yule Mrefu alikuwa na kikaratasi, anaandika kila rangi inayotoka, na pesa yake anaiweka kwenye rangi iliyotoka mwisho, eti rangi ikishashika njia usiiache, ifuate. Kipara anaweka kinyume. Akiona nyeusi imetoka mara nne, anasema sasa nyekundu zamu yake imefika. Wanatukanana nusu Kigiriki nusu Kiswahili, mimi nawamiminia kahawa na kusikiliza. Sasa Jumamosi moja ikatoka nyeusi mara tisa mfululizo, mara tisa wanangu, Mrefu akazoa pesa mpaka akanibusu shavuni mimi mpishi wa kahawa na kunitupia shilingi tano. Hapo ndipo nilipoharibika.

Kwa sababu nilikaa pale miaka miwili, na nikisema kweli ya Mungu, Jumamosi nyingine zote Mrefu na Kipara walikuwa wanaondoka sawasawa, mifuko imelala, na anayecheka peke yake ni mwenye gurudumu. Lakini hizo zote nilizisahau. Nilirudi Mzenga na Jumamosi moja tu kichwani.

Nikawa fundi wa kurusha shilingi gulioni, kichwa cha mfalme au simba. Simba akitoka mara mbili, mimi huyo nyuma yake. Wapi! Nikimfuata simba kinatoka kichwa, nikihamia kichwa anarudi simba. Niliwapoteza majogoo watatu, nikapoteza kanzu ya Idi, na bado nikawa nawafundisha wenzangu njia ya Kigiriki, mwanamume mzima nimevaa shuka. Mama yenu Swaumu, Mungu amrehemu, aliificha baiskeli yangu jikoni ili isije ikaondoka na simba.

Sasa anakuja Mwinyimadi. Mnamjua vizuri kuliko ninavyoweza kumsema, mtani wetu, ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu, na juzi mlimwona alivyoingia hapa na kijiti akanipima kutoka kichwani mpaka unyayoni, akasema, "Mtani umepungua, wachimbaji watanishukuru." Ndivyo alivyo tangu ujana. Basi miaka mitano kabla ya vita vya pili mama yenu alikuwa na wasichana wanne, wewe Mwanahalima na wadogo zako watatu, na ana mimba ya tano. Mwinyimadi kaketi barazani pangu mbele za watu, anatafuna muhogo wangu, akasema, "Mtani, safari hii mwanamume. Wasichana wanne wametosha, zamu imefika."

Loo, nilimwona Kipara mtupu! Nikajiona mimi ndiye Mrefu. Nikamwambia, "Huyu wa kike. Tumbo limeshika njia yake." Akasema weka. Nikasema weka wewe. Watu wanacheka, wanatuchochea, na utani ukawa kamari bila mmoja wetu kuona umegeukia wapi. Mimi niliweka baiskeli. Yeye, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kulingana nayo na hakutaka kuaibika, aliweka shamba lake la Vihingo, ardhi ya baba yake, yenye minazi kumi na mmoja.

Alhamisi asubuhi ukazaliwa wewe, Mwanaasha. Usilie mwanangu, nilikupenda na nakupenda, lakini niache nimalize maana hili ndilo linaloniuma. Mkunga alipotoka sikumwuliza mama mtu yu hali gani. Niliuliza, "Wa kike?" Akasema wa kike. Nikaruka juu kama mwendawazimu, nikapiga makofi, nikamwita Mwinyimadi kwa jina. Na mama yenu alikuwa nyuma ya ukuta wa udongo, anasikia yote.

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alipotoka arobaini aliniambia, "Baba Mwanahalima, uliniweka mchezoni kama shilingi," na tangu siku hiyo hakutia mdomoni nazi ya Vihingo. Mnakumbuka kile chungu chake kidogo cha pembeni? Wali wenu unaungwa kwa nazi za Vihingo, wake anaupika mbali, kwa nazi ya kununua kwa jirani yetu Zubeda, na ninyi mkiuliza mnaambiwa mama ana mwiko. Hakuwa na mwiko wowote. Mwiko wenyewe ulikuwa mimi. Alikula hivyo miaka kumi na tisa mpaka tukamzika, na siku mbili kabla hajafa alinishika mkono akasema, "Lirudishe." Nikamwahidi.

Na mngedhani nilikoma baada ya lile la Mwanaasha. Thubutu! Mimba ya sita nikasema wa kike tena, watano wametangulia, nani atanibishia? Nikaweka ile ile baiskeli. Akatoka Kondo huyu hapa. Mwanamume niliyemwomba Mungu miaka yote, na siku aliyokuja nilikuwa mtu pekee Mzenga nzima mwenye uso wa msiba. Nikaenda kwa miguu kuwapa habari wajomba zake, jua kali, vumbi mpaka magotini, na Mwinyimadi ananipita kwa baiskeli yangu, anapiga kengele, anageuka, ananipita tena, anapiga kengele, "Hongera mtani, umepata kidume!" Cheka tu Kondo, cheka, ni siku yako hiyo.

Lakini ukishacheka unisikilize, maana nimesikia na wewe unarusha shilingi gulioni, na nimesikia unasema simba akianza usimwache. Nani alikufundisha? Mimi sikukufundisha, basi umeyaokota wapi maneno ya yule Mrefu? Kijimpira hakikumbuki kilikolala mara iliyopita, baba. Shilingi haikumbuki. Na tumbo la mama yako halikuwa na njia wala zamu, lilikuwa linazaa watoto aliowaleta Mungu. Mrefu hakujua kitu na Kipara hakujua kitu, na mimi niliyepatia mara moja ndiye niliyeharibikiwa kuliko wote, kwa sababu nilidhani najua. Acha, Kondo. Nakuomba, sikuamrishi.

Nipeni maji kidogo. Basi, inatosha.

Sasa mtaniuliza, kwa nini hukulirudisha mwenyewe, mzee? Nimejaribu, mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda mwenyewe baada ya hitima ya mama yenu. Akaniambia, "Nilishindwa mchana kweupe. Nikilipokea watasema Mwinyimadi alilia mpaka akaonewa huruma." Mara ya pili nilimtuma mwalimu, akamwimbia mwalimu nyimbo za utani mpaka mwalimu akakimbia anacheka. Mara ya tatu nilimpelekea kikapu cha nazi za shamba lake, kikarudi na nazi zote na moja zaidi juu yake. Kiburi gani hicho! Na huku mtu mwenyewe tangu mwaka ule analima kwa kuazima, mwaka huu kwa huyu, mwakani kwa yule, na mnajua aliyeazimwa ardhi hapandi mti wa kudumu, anapanda mihogo, anavuna, anahama. Miaka ishirini na miwili Mwinyimadi hajapanda mti hata mmoja. Anakuja kunichekesha na mimi nacheka naye, akiondoka nageukia ukutani.

Kwa hiyo sikilizeni, na mlifanye kama ninavyolisema. Siku ya maziko yangu Mwinyimadi atashuka kaburini kabla yangu. Ni haki yake ya utani, alimfanyia hivyo baba yangu mpaka akalipwa tumbaku. Atalala chali mle ndani, atasema nyumba imeshapata mpangaji, hatoki mpaka alipwe. Wengine watataka kumtupia senti ili atoke. Wazuieni. Kondo, simama juu yake umwulize kwa sauti, watu wote wasikie, "Mtani, tukikulipa utapokea?" Atasema anapokea chochote. Mwulize tena, mpaka aseme mara mbili. Hapo umwekee kifuani nazi iliyochipua, useme, "Malipo yako ni haya, shamba la Vihingo na minazi yake kumi na mmoja, toka baba yetu aingie." Malipo aliyoyadai mwenyewe kaburini, mbele ya ukoo wake na wetu, mtani hawezi kuyakataa. Hajapata kutokea mtani wa namna hiyo. Na minazi ni kumi na mmoja kweli, ule uliopigwa na radi nilipanda mwingine pale pale.

Mwanaasha, nazi hiyo utaichagua wewe, ichague yenye chipukizi zuri. Najua unawaza mikorosho yako ya kule Vihingo, arobaini na miwili, uliyoipanda kwa mikono yako ukiwa msichana. Mikorosho ni yako. Mti ni wa aliyeupanda na ardhi ni ya mwenyewe, ndiyo desturi yetu, na Mwinyimadi anaijua kuliko mimi. Utaingia kuokota korosho zako kama siku zote, na ukimkuta mzee kakaa chini ya mnazi wake, mwamkie, umpikie. Utapungukiwa, sikudanganyi. Ukubwa wa lile shamba mlikuwa mmeshaugawa vichwani mwenu, naona na Kondo amekunja uso. Kunjua, baba. Nikubalieni. Nataka nisikie kila mmoja akisema ndiyo, kuanzia mkubwa.

Ahsante. Ahsante. Na wewe Mwanaasha? … Ahsante mama.

Na hilo tumbo lako, la miezi saba sasa, watakuja kukuuliza barazani, wa kike au wa kiume. Waambie wanyamaze. Hata mimi nikilitazama lilivyokaa naona kabisa kwamba … hapana. Hapana, Swaumu, nimenyamaza.

Pumzi inaniishia. Mola awape kheri, wanangu, awape watoto watakaowasikiliza kuliko mlivyonisikiliza mimi, na awape riziki isiyowanyima usingizi. Msitupane. Mwanahalima, mama yao sasa ni wewe. Nimewasamehe yote, na nyinyi mnisamehe … yale mnayoyajua na yale … nimesahau nilikuwa nasema nini.

Sss. Mnasikia? Kengele hiyo. Ni yeye, anakuja na baiskeli yangu, na kijiti chake cha kunipimia. Mwanaasha futa machozi. Kondo, uso huo, ataugundua, hebu cheka kidogo. Mtu asimwambie neno.

Karibu, mtani … karibu ndani. Ndiyo, bado nipo. Nipime.