Nyiramahirwe Aliyekataa Kunyamazia Maumivu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama Annonciata Nyiramahirwe, mzaliwa wa Kalengera, aliyetuacha juma hili hapa Goma. Alikuwa mkaidi huyu mama. Tena namsifu kwa ukaidi wake.

Mwaka 1956, akiwa na mtoto mchanga, alipasuliwa tumbo. Utumbo ulikuwa umejisokota. Operesheni ilikwenda vizuri, yakabaki maumivu. Kidonda kilitoka chini ya kifua mpaka kitovuni, na kila akitaka kukohoa, tumbo linamkatalia. Makohozi yakajaa kifuani, homa ikapanda. Jirani yake wa kitanda alikufa hivyo hivyo, kwa kushindwa kukohoa.

Naye alinyamaza. Kwao mwanamke hapigi kelele hata akizaa. Akilia, ukoo mzima unaona aibu. Mama mkwe wake, Mukashyaka, alikaa pembeni kumlinda asigune.

Daktari Mbelgiji akapita. Akamwambia infirmier, yaani muuguzi, kwa Kiswahili, kana kwamba mgonjwa hana masikio: "Hawa hawasikii maumivu kama sisi. Ona alivyotulia."

Ebo! Kunyamaza kwa heshima ndiko kumegeuzwa hivyo?

Nyiramahirwe akamkamata koti. "Munganga, inaniuma. Inaniuma sana. Ule muzungu wa plantasio mwenye mulipasua juzi, wewe ulimuchoma shindano ya mbavu, sasa anakohoa. Unichome na mimi."

Daktari akasema dawa ile ni haba. Koti halikuachiliwa.

"Nyamaza, mutoto wangu," Mukashyaka akamnong'oneza. "Unatupatisha haya."

"Mama, nikikufa na heshima yangu, nani atanyonyesha mutoto?"

Mukashyaka akainuka, akasimama mlangoni, akaziba njia, akamwambia daktari: "Muchome."

Akachomwa. Sindano ya ganzi, wasikilizaji, katikati ya mbavu, upande huu na upande ule. Tumbo linakufa ganzi, mgonjwa yuko macho. Nyiramahirwe akakohoa, akatema, akakohoa tena. Akapona.

Tangu hapo alizoea kuwapelekea uji wanawake waliopasuliwa. Binti yake, Mukagasana, anasema: "Alikuwa anabauliza, inauma? Wakisema hapana, anaikala pale mpaka waseme ndiyo."

Mukagasana na ndugu zako wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nanyi wasikilizaji, kama nyumbani kuna mgonjwa aliyenyamaza, msimsifu. Mwulizeni. Na wewe unayemeza maumivu ili watu wakuone shujaa, sema. Sema mbele ya daktari, sema mbele ya wakwe. Atakayeona haya si wewe.