Fundi Kipimo, Aliyepima Wanaume Nje na Ndani

Marehemu nilimwona kwa mara ya kwanza Jumamosi, tarehe 5 Aprili 1986, alipokuja nyumbani na mjomba wake kumposa dada yangu. Alivaa shati jeupe lililonyooka, viatu vinang'aa, na shingoni tepu ya kushonea ilikuwa bado inaning'inia. Alikuwa ameisahau. Mama aliuma mdomo asicheke. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa aibu, na marehemu akaitazama suruali yangu.

"Shemeji, hiyo suruali ulipimwa wewe au alipimwa jirani?"

"Ilikuwa ya kaka."

"Basi mwambie kaka aje aichukue."

Akavua tepu shingoni na kunipima palepale, posa yenyewe ikiwa haijajibiwa.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1969, kisha akasomea ushonaji miaka miwili. Alikuwa akisema hesabu zilimshinda mpaka siku aliyopewa tepu mkononi.

Mwaka 1979 alifungua duka lake: chumba kimoja, cherehani mbili, benchi, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la kijani la kubadilishia nguo. Hapo ndipo alipopewa jina la Fundi Kipimo. Alifunga ndoa na dada yangu tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa watoto watatu. Katika miaka yote hiyo sikumsikia akimpandishia dada sauti. Akikasirika, alikanyaga cherehani kwa kasi, nasi tukajua.

Novemba 1998 kaka yake alifariki kwa saratani ya tezi dume. Alikuwa ameficha maumivu miaka miwili, akisema ni uchovu. Marehemu ndiye aliyemshonea suti ya mwisho, na alipompima alikuta kiuno kimepungua inchi saba. Aliniambia, "Mimi nilimpima kila mwaka, shemeji. Nilikuwa napima nje tu."

Akaenda zahanati, akamwomba nesi amwandikie mambo ya kupimwa kwa kila umri. Karatasi ile aliibandika kando ya kioo. Kijana wa miaka kumi na minane na kuendelea: shinikizo la damu. Thelathini na tano: sukari na mafuta ya damu. Arobaini na tano: utumbo mpana. Hamsini: zungumza na daktari habari za tezi dume, na mapema zaidi kama baba au ndugu aliugua. Tangu hapo, mwanaume akiingia nyuma ya pazia aliulizwa umri wake kwa sauti ya chini, mtu wa benchini asisikie. Kila suruali aliishonea mfuko mdogo kwa ndani, wa kuwekea kadi ya zahanati. Wapo waliokasirika wakahamia kwa mafundi wengine. Wakarudi, maana mishono ya huko iliwaumbua.

Mimi ni mmoja wao. Mwaka 2015 binti yangu alikuwa anaolewa, na marehemu alikataa kunishonea suti mpaka nikapimwe shinikizo la damu. Niliona aibu kwenda. Baada ya wiki nikamwambia, "Nimepimwa." Sikusema uongo. Nilikuwa nimepimwa na fundi wa mtaa wa pili. Alifurahi, akaniombea heri. Siku ya kujaribu suti ya yule fundi mwingine akaniona barabarani nimeivaa, bega moja juu, jingine chini. Alinishika mkono hadi zahanati kama mtoto anayepelekwa shule. Namba ya juu ilikuwa mia na tisini. Nesi aliniuliza nimefikaje pale kwa miguu. Dawa ninazokunywa mpaka leo nilianzishiwa siku ile, na koti nililovaa sasa alinishonea yeye, bure, wiki hiyohiyo.

Yeye mwenyewe aligunduliwa kuwa na ugonjwa uleule wa kaka yake mwaka 2005, ukiwa bado mdogo. Akatibiwa, akapona. Nimesikia watu wakiuliza msibani, "Mbona alipimwa kila mwaka na amekufa?" Dada yangu amewajibu vizuri: "Mimi nimepata miaka ishirini. Mke wa kaka yake hakuipata." Mwaka jana moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Alilazwa Februari, na alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, alfajiri, akiwa na miaka sabini.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, sisi mashemeji zake, na wanaume wengi wenye mfuko mdogo ndani ya suruali. Apumzike kwa amani fundi wetu. Kazi ameimaliza, na hakuna mshono ulioachia.

Juzi Jumanne nilikwenda kupimwa tezi dume, jambo nililolikwepa miaka saba. Kadi iko katika mfuko wa ndani wa koti hili. Ijumaa, siku mbili kabla hajafariki, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake. Alifumbua macho, akauliza, "Shemeji, ile tezi umepimwa?" Sikutaka kumsumbua. Nikasema, "Nimepimwa, shemeji." Akanitazama, akacheka kwa ile pumzi kidogo aliyobaki nayo, akasema:

"Kwa fundi gani?"