Herufi Moja ya Mlima Sekenke

Benchi la mbele ya jiko la Agripina pale Shelui lina miguu mitatu na tofali, na wanaume wake hawana kazi ila wana majibu. Wiki ile walitafuta jibu moja: nini kimeua gia otomatiki ya pikapu kubwa ya dizeli ya chama cha wakulima wa alizeti. Aliyefukuzwa kazi ni Elisha, fundi aliyebadilisha oili ya gia, mtoto wa huyuhuyu Agripina anayewamiminia kahawa. Dereva alikuwa Melkiori, ambaye wenzake humwita Kapteni, na asubuhi hiyo naye alikuwa benchini.

— Ni hizo gia kumi, alisema Nathan Tonaji, mpakia magunia. Wangenunua ile ya gia sita. Kidole kimoja hakivunji chawa!

— Methali yako inakupinga mwenyewe, alijibu Chediel, aliyejipa uinjinia. Gia sita inashtuka kama punda aliyekataa mzigo. Hii ya kumi ina ubongo. Inamsoma dereva.

— Inamsoma?

— Ukiitukana kwa Kinyiramba, inanuna. Inaweka kinyongo mpaka mlimani.

— Basi Elisha aliitukana!

— Au aliinywesha mafuta ya alizeti. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Na nyoka ndiye anayekupa kahawa, alisema Agripina bila kuinua macho.

Wakacheka. Melkiori naye akacheka, ila alichelewa. Malori miaka thelathini yalimfundisha kushuka mlima Sekenke kwa free, gia imeachiwa, dizeli ibaki. Pikapu nayo aliitia N kileleni, magunia yakaisukuma, na kule chini akairudisha D, gia ya kwendea mbele, ikiwa bado inakimbia. Kikalia kishindo kimoja, na gia haikushika tena.

Akafika Scholastika, dereva wa wachimba visima.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Naendesha pacha wa pikapu yenu, gia kumi zilezile. Sekenke nashuka kila wiki, haijanuna. Mzee Kapteni, siku ile ulishuka kwenye herufi gani?

Tonaji alimtazama Injinia. Injinia alitazama kikombe. Ilitakiwa herufi moja, hata mtoto wa darasa la kwanza anayo.

Kapteni akanyoosha kikombe ili mkono upate kazi. Agripina alisimama mbele yake, birika limemlemea mpaka bega limeshuka.

— Kahawa imekwisha, Kapteni, alisema, akaenda kuwamiminia wengine.