Ikipata Moto, Chomoa

Benchi la nje ya chumba cha Bi Pindo limeinama upande mmoja, na wanaolikalia akili zao zimeinama upande huohuo. Yuko Daktari, ambaye hutibu viatu tu. Yuko Waya, fundi bomba, aliyepata jina siku umeme ulipomrusha mtaroni. Na yuko Bi Pindo mwenyewe, mshona nguo, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amejichoma sindano mara mbili. Mjukuu wake alikuwa amechomeka laptopu kwenye tundu la umeme la chumbani, moja tu lililopo, akakimbilia saluni. Saa nne angehojiwa kazi kupitia kioo cha laptopu hiyohiyo. Mwaka mzima ameomba, leo ndio wamemwita. Aliacha agizo moja: “Bibi, ikipata moto, chomoa.”

— Sasa moto upi? Bi Pindo aliuliza. Wa kuungua au wa betri?

— Wa betri, alisema Daktari, akitoka ndani na birika lake la umeme, kahawa ya pili hiyo, inafuka. Redio ya marehemu baba ikiisha betri tulisema haina moto. Ikipata moto, imeshiba. Chomoa.

— Shibe gani? Waya akadakia. Moto ni joto! Ikichemka usipochomoa, betri inavimba kama shavu la jino bovu.

Bi Pindo akaingia, akaigusa, akarudi.

— Baridi kama pua ya mbwa.

— Basi imeshiba, alisema Waya. Mwenye njaa ndiye hutoka jasho.

— Baridi ndiyo njaa yenyewe! Iache. Mvumilivu hula mbivu.

— Betri si ndizi, Daktari.

— Tena umeifunika kitambaa, Bi Pindo, alisema Daktari. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Nimeikinga vumbi, baba. Methali yako peleka kwa wenye chawa.

— Mimi ningeisimamisha wima, alisema Waya, moto uteremke kwenye betri. Maji hayapandi mlima.

— Ipumzishwe kwanza, Daktari akasema. Betri ina ini. Ukiilisha mfululizo, ini linachoka.

— Na wewe ini umelitibu lini, la raba au la buti?

— Mmoja bomba, mwingine soli, alisema Bi Pindo, na mjinga ni mimi niliyewauliza. Haya, mimina.

Kahawa ikawachoma ndimi, kijiwe kikapata amani kidogo.

Mjukuu akatokea mbiombio, nywele zinang’aa. Akaingia ndani, akatoka amekumbatia laptopu, kioo cheusi tii.

— Shikamooni. Bibi, hii kahawa mmechemshia wapi?

Daktari alichungulia kikombe chake. Waya alitazama bomba la jirani ambalo halikuwa na tatizo lolote. Msichana hakungoja, alishakata kona, waya wa chaja ukiburuzika nyuma yake kama mkia, akitafuta tundu la mwenye huruma.

Bi Pindo akaweka kiganja kwenye tumbo la birika, akakitoa haraka.

Lilikuwa limepata moto.