Mama Mkwe Alinitoa Nyumbani Nitembee

Bwana wetu na asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni Mama Upendo wa hapa Igowole, mke wa fundi seremala. Sitalia mbele yenu. Nimeshalia vya kutosha. Leo nasimulia tu jinsi Mungu alivyonitoa.

Baada ya sisi kuhamia hapa kijijini, nilipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Nikapelekwa hospitali Mbeya. Wakasema ni kansa, wakalikata titi. Kidonda kilipopona, daktari akanipa vidonge vya kumeza kila siku, kwa miaka. Alinieleza kwamba mwilini mwa mwanamke mna homoni, na kansa yangu ilikuwa inazila kama chakula. Vidonge vinainyima chakula hicho.

Ndugu zangu, nilivimeza. Joto likawa linanipanda ghafla hata katika baridi ya Juni, umande ukiganda majanini. Halafu nikanenepa. Magauni ya kanisani yakakataa, magoti yakauma, nikawa napumzika njiani nikitoka kisimani. Na watu walifurahi! "Kamwene, Mama Upendo! Umenawiri, umepona kabisa!" Kwetu unene ni afya. Nilikuwa nikiitikia huku nahema.

Nikamwambia mume wangu, "Vidonge hivi naviacha. Heri kansa kuliko mwili huu." Aliweka randa chini, akatoka nje. Hapo ndipo nilipokuwa, ndugu zangu: nimechoka kupona!

Siku ya kliniki ilipofika, muuguzi kule Mbeya akanipima kwenye mizani, akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Vidonge usiache, mama. Punguza ugali na sukari kwenye chai, ongeza maharage na mboga. Na utembee kila siku, mwendo wa kutoa jasho." Akanionyesha pia namna ya kuunyoosha mkono wa kushoto, uliokakamaa tangu upasuaji.

Ugali nilipunguza. Kutembea ndiko kulikonishinda. Hapa mwanamke akionekana njiani asubuhi bila jembe, bila ndoo, bila mtoto mgongoni, ataulizwa anakwenda wapi. Niliulizwa siku ya kwanza tu. Nikasema, "Natembea." Wakacheka. Jioni ikasemwa ugonjwa umenipanda kichwani. Nikajifungia ndani, nikapiga magoti: "Bwana, sina nguvu ya kuchekwa. Nipe njia!"

Asubuhi iliyofuata mlango ukagongwa. Alikuwa mama mkwe wangu. Tangu nikatwe titi hakuwahi kuutaja ugonjwa wangu, nami nilidhani ananionea kinyaa.

"Vaa, twende."

"Wapi, mama?"

"Popote. Wakikuuliza, sema unanisindikiza mimi. Nani atamcheka mtu anayemsindikiza mama mkwe wake?"

Tukashika njia ya mashamba ya chai, ndani ya ukungu. Yeye akichoka alikaa kwenye kisiki. Mimi niliendelea hadi mtoni, kisha nikarudi kumchukua. Tukafanya hivyo kila asubuhi, hata kwenye manyunyu. Siku moja nikamuuliza kwa nini alikaa kimya muda wote ule. Akasema, "Dada yangu alikufa na titi lake lenye uvimbe, alilificha. Nilipokuona nilimwona yeye. Niliogopa kukuzoea halafu nikuzike."

Haleluya! Sikukonda, ndugu zangu. Ila unene uliacha kuongezeka, kisha ukapungua kiasi. Magoti yalipata nafuu, mkono ukapanda hadi juu ya kichwa. Joto bado linanijia. Vidonge bado nameza, lakini ile sauti iliyokuwa ikiniambia niviache imenyamaza!

Namshukuru Bwana. Namshukuru na mama huyu, yule pale kwenye benchi la mbele, anayejifanya hasikii. Na wewe mama mwenye uvimbe unaouficha chini ya nguo, mtumaini Mungu, wala usisubiri. Njoo kwangu. Basi la Mbeya tutalipandia Nyololo, mimi na wewe, na nitakaa nawe pale hospitali mpaka watakapoliita jina lako.