Mzee Radi na Kiti cha Mgeni

Kabla sijamsalimu mtu yeyote, naomba kwanza nikiombe radhi kiatu cha Mheshimiwa Mkurugenzi. Mliokaa nyuma hamkuona. Binti yangu, huyu tunayemwita Chiriku, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, amepenya chini ya viti sasa hivi wakati mimi napanga karatasi yangu, akachomoa kijiti cha dramu kwenye mfuko wa koti la mgeni wetu, akakifuata kiatu cha Mkurugenzi, akakitwanga mara nne. Mara nne, tena kwa mapigo sawasawa. Na mgeni wetu, badala ya kumnyang'anya, amemwinamia na kumwambia, "Usikaze mkono, mjukuu wangu. Uache ujiendee." Sasa amempakata, na kijiti kimekuwa mali ya mtoto. Mheshimiwa, nisamehe. Kiatu nitakifuta mwenyewe.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo chetu cha televisheni. Waheshimiwa wakuu wa idara. Mama yetu, mke wa Mzee Radi, pamoja na wanao. Ndugu wanamuziki wa roki mliovaa makoti ya ngozi katika joto hili na hakuna hata mmoja anayekubali kuvua. Wafanyakazi wenzangu wa kamera, wa taa, wa sauti na wa usafi. Na wewe Mzee Radi, ambaye leo tunakuaga baada ya miaka kumi na miwili ya kuwahoji wanamuziki wenzako mbele ya kamera: shikamooni nyote. Wa umri wangu, habari zenu.

Mimi ndiye ninayewapaka poda wageni. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo anayesubiri maneno makubwa ajipumzishe tu. Nimeambiwa niseme kwa niaba ya wafanyakazi wa chini. Niliuliza kwa nini mimi, fundi sauti akanijibu, "Kwa sababu wewe, Mama Chiriku, ndiye peke yako ambaye Mzee hajawahi kukufokea." Si kweli, na yeye mwenyewe alikuwepo. Amenifokea mara moja, na hiyo mara moja ndiyo nitakayowasimulia.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza hapa. Chiriku alikuwa na miezi mitatu, sikuwa na wa kumwachia, nikaja naye nikiwa nimeshajiandaa kufukuzwa. Mzee Radi alimtazama, akaenda kuleta sanduku la gitaa lake, akalifungua, akatandika koti lake ndani. Akaniambia, "Mlaze humu. Humu kilikuwa kinalala kitu chenye kelele kuliko yeye." Mimi nikasema moyoni, huyu mtu lazima nimlipe wema. Basi nikaliona gitaa lake limeegemezwa kando ya kiti cha mgeni, nyuzi zimelegea hovyo kama kamba ya nguo iliyochoka. Nikalibeba hadi kwa fundi sauti, nikamwomba alitengeneze. Yeye naye alikuwa mgeni kama mimi. Akakaza nyuzi zote sita, gitaa likaita vizuri, nikalirudisha mahali pake, nikasimama pembeni nikisubiri kushukuriwa.

Siku hiyo mgeni alikuwa mpiga besi mmoja mwenye mvi zilizosukwa. Alikuja na majibu aliyoyakariri kama mtoto anayeenda kwenye mtihani. Mzee akampa gitaa, akamwambia, "Hebu litazame hilo, ndugu yangu." Mgeni akapiga mara moja. Safi. Akaliweka chini, akamkodolea Mzee macho, akaanza kumwaga: tuzo hii, safari ile, tunawashukuru mashabiki. Nusu saa nzima. Mimi niliona ni kipindi kizuri sana, mpaka nilipouona uso wa Mzee.

Alitufokea wote wawili, mimi na fundi sauti. Kisha akakaa chini, akamtikisa Chiriku ndani ya sanduku kwa mguu, akasema kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, mimi huwa nalilegeza gitaa kwa makusudi. Mwanamuziki akikutazama usoni, anakuimbia. Akitazama nyuzi anazozikaza, anakuambia."

Ndugu wageni waalikwa, nyie mmekiona kipindi hiki kwenye sebule zenu mkadhani wazee hawa wanahojiana. Je, mlishawahi kujiuliza kwa nini mpiga kinanda yule alikuwa anafungua waya uliojisokota huku akieleza alivyoacha ulevi? Kinanda hakikazwi nyuzi, basi Mzee alimtafutia waya. Mimi ndiye niliyeusokota. Niliusokota jioni nzima, na mume wangu akauliza kama hiyo ndiyo kazi niliyosema nimepata.

Yule mpiga besi aliitwa tena mwezi uliofuata, na safari hii gitaa lilikuwa limelegea. Alipofika kwenye uzi wa tatu, bila kuinua kichwa, akasema kwamba siku mama yake anazikwa, yeye alikuwa jukwaani katika mji mwingine, na kwamba alipiga vizuri, na kwamba hilo la kupiga vizuri ndilo linalomuuma. Mzee hakusema neno. Kimya kikaendelea. Kimya cha televisheni si kama kimya cha nyumbani, kinatisha watu wanaolipwa ili kisitokee. Tulimsikia Mheshimiwa Mkurugenzi kwenye kile kidude cha sikioni, "Sema kitu, sema kitu." Mzee akakichomoa kidude akakitia mfukoni. Lakini nimsifu na Mheshimiwa pia, haki ya mtu apewe mwenyewe: wahariri walipotaka kukata kile kimya, wewe ndiye uliyesema kiachwe chote. Kiatu chako kimepigwa leo, lakini siku ile ulisimama vizuri.

Mimi nilikibeba kile kimya mpaka nyumbani. Mama yangu mzazi alikuwa hasemi nami tangu nilipopata ujauzito nikiwa sijaolewa. Alikuwa anakuja, anakaa, ananitazama, nami namtazama, kila mmoja na majibu yake aliyoyakariri. Jumapili moja nikamwekea ungo wa mchele mapajani, nikamwambia, "Mama, macho yangu hayaoni mawe vizuri." Nikanyamaza. Alichambua mchele ule karibu wote. Mwishoni akauliza, akiwa bado ameinama, "Mtoto usiku unamfunika na nini?" Ndugu zangu, hapo ndipo tulipopatana. Leo yuko kule nyuma, yule aliyevaa kitambaa cha kijani, asisumbuliwe.

Sasa nifike pale nilipotumwa. Mzee Radi, nakugeukia wewe.

Kila mtu hapa anajua, si siri, na mgeni wetu ameniruhusu niseme. Mgeni wetu ni Kishindo, mpiga dramu wa bendi yako, ambaye siku hizi anauza magodoro. Alivunjika mkono wiki mbili kabla ya kurekodi ile kanda yenu ya mwisho. Ukamwambia mtamsubiri. Hamkumsubiri. Mlimweka mpigaji mwingine, na Kishindo alijua siku alipoisikia redioni, akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Miaka ishirini na sita hamjasemezana. Na katika miaka kumi na miwili ya kipindi chako hujakosa hata mara moja kumuuliza mgeni, "Ulimwacha nani njiani?" Tulidhani ni swali zuri tu.

Leo ni kipindi chako cha mwisho, na tumepanga viti vigeuzwe: Kishindo akae kiti cha mwenye kipindi, wewe ukae cha mgeni. Jana ukasema, "Kile kiti sikiwezi," ukafunga mlango. Kama hutakaa, wataunganisha vipande vya zamani, vitarushwa, na watu watapiga makofi sebuleni. Hakuna atakayekulaumu. Kinyozi hajinyoi, tunajua. Lakini kinyozi nywele zikimzidi humtafuta kinyozi mwenzake, hazifugi mpaka zimfunike macho.

Asubuhi nilipokuwa nampaka poda Kishindo nilimuuliza, maana nilikuwa na wasiwasi juu yako, "Baba, umekuja kumshtaki?" Akacheka mpaka poda ikamwagika. Akasema, "Binti, mimi nauza magodoro. Kazi yangu ni kuwalaza watu." Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Nina swali moja, na jibu lake nalijua. Nataka tu awe ameniambia yeye." Baba, mtu anafunga duka tangu alfajiri, anakaa kwenye gari muda wa saa tano, kwa jibu analolijua. Unadhani anataka nini, kama si wewe?

Mimi ni mtoto mbele yako, na mtoto hamfundishi mzee. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba kile kiti si cha mtuhumiwa. Nimewapaka poda wageni wengi, nikawafuta baada ya kipindi, na nawaambia ukweli, uso unaotoka pale ni mwepesi kuliko ulioingia. Naujua kwa vidole. Wako sijawahi kuushika ukiwa mwepesi. Naomba kabla hujaondoka…

Mzee ameinuka. Jamani, msimgeukie wote, mtu akitazamwa anavyotembea hukosea hatua. Milango iko miwili, wa studio na wa kutokea kwenye magari, na mimi nitaendelea kusema kama vile sioni ni upi.

Basi, kwa niaba ya wenzangu namshukuru mama yetu aliyetuazima mumewe. Namshukuru fundi sauti kwa kukubali nusu ya lawama. Kishindo naye kaondoka, kampa mama yetu mtoto. Nawashukuru wote kwa kunitegea masikio, najua nimesema bila mpangilio, na…

Naam? Mimi? Samahani, ndugu zangu, msimamizi wa studio ananiita pale mlangoni. Anasema nini? Nije na poda, Mzee anatoka jasho. Jasho la wapi, amekaa wapi?

Cha mgeni.

Haya, nakuja, nakuja. Ndugu zangu, asanteni sana, mwenye kumaliza hotuba hii amalizie, mimi nilichobakiza kusema ni kwamba huyu baba hajawahi