Mwanaidi Nurdini, Aliyewaogopa Tembo Maisha Yake Yote

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu. Mlioko Dodoma mjini, mlioko Kondoa, mlioko Haneti shambani na redio mmeitundika mtini, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake ni Mwanaidi Nurdini. Mwanaidi alifariki dunia Alhamisi iliyopita hapa Dodoma, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Alikuwa mwanaharakati wa Hifadhi ya Msuhaa, kule upande wa Kondoa. Tangu usichana wake mpaka alipougua, hakuiacha hifadhi ile.

Nilipokwenda msibani nilikuwa nimeandika kwenye karatasi yangu: mwanamke jasiri. Binti yake, Amina, aliisoma ile karatasi, akanirudishia.

"Naomba usiseme mama alikuwa jasiri," aliniambia. "Mama alikuwa mwoga. Sijapata kumwona mtu mwoga kama yeye. Sema hivyo hivyo, ndiyo heshima yake."

Basi, wasikilizaji wapendwa, nitasema hivyo hivyo.

Mwanaidi alikuwa na miaka tisa. Ilikuwa asubuhi, msimu wa uwele kukomaa. Alikuwa shambani na baba yake, Mzee Nurdini. Mama alibaki nyumbani na mtoto mchanga, Abdulrahim, mdogo wake pekee. Mwanaidi alisikia mabua yakivunjika. Tembo alitokea, dume kubwa, akichechemea. Baba akamsukuma mwanawe mferejini, akakimbilia upande wa pili.

Mtoto alilala kifudifudi. Alisikia baba yake akiliita jina lake mara moja. Hakuliita tena. Kisha tembo yule akarudi, akasimama juu ya mfereji. Mwanaidi aliuona mguu wake karibu kabisa, na waya uliozama ndani ya nyama. Harufu ya kidonda ilimwingia puani na haikumtoka tena. Tembo alisimama, akahema, akaondoka.

Kijiji kizima kilisema tembo ni adui. Mwanaidi hakusema kitu. 

Tangu siku hiyo aliishi na hofu. Sufuria ikianguka, yeye anaruka. Ng'ombe akikohoa zizini, yeye anashika mlango. Sasa ajabu ni hii. Alipofika miaka kumi na sita, mwanamke huyu mwoga alianza kuingia kwenye vichaka vya mpakani mwa hifadhi, peke yake, kutegua mitego ya waya. Watu walidhani amerukwa na akili. Tembo walimuua babako, na wewe unakwenda kuwafungulia njia?

Kwa miaka mingi hakueleza kwa nini. Amina anakumbuka tu jinsi mama yake alivyokuwa akirudi. "Anarudi ametapika. Nguo zote zimelowa jasho. Ananawa uso, anasonga ugali, tunakula. Kesho yake anakwenda tena."

Msimu mmoja alikwenda Makutupora kufanya kibarua kwenye mashamba ya zabibu. Mizabibu ile hutandazwa juu ya nyaya. Siku ya kwanza alipewa kazi ya kukaza waya, na kila akiushika anauachia, hata msimamizi akadhani anaumwa. Siku ya pili akarudi Kondoa.

Miaka ikapita. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume. Aliingia kwenye mikutano ya vijiji kuzungumzia wanyama. Alisimama mbele ya wakubwa wa wilaya huku ameshika ukingo wa meza asianguke. Askari wa hifadhi, Yotham, aliyefanya naye kazi miaka mingi, anasema walimwita Bibi Waya. "Kila Jumamosi alituletea mzigo wa mitego kituoni. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku anaangalia nyuma. Kila mara anaangalia nyuma."

Wasikilizaji wapendwa, sasa nawapeleka kwenye siku moja. Ni miaka kumi na mbili iliyopita, mavuno yanakaribia kwisha.

Mwanaidi alipita mjini Kondoa kwenye duka la pembejeo la Bwana Jiten. Jiten alimwita ndani, nyuma ya magunia ya mbegu.

"Dada Mwanaidi, kule kwenu kuna mtu analima pamba?"

"Pamba? Hakuna. Kwa nini?"

"Juzi nimeuza sumu ya wadudu wa pamba, makopo sita. Niliuza bila kufikiri. Tangu siku ile sina amani. Kuna watu wanaitia ndani ya maboga, tembo anakula, anakufa, wanachukua pembe."

"Nani kanunua?"

Jiten alichungulia barabarani kwanza. Naye alikuwa na watoto. "Ukinitaja, duka langu litachomwa," alisema. "Ni mdogo wako. Ni Abdulrahim."

Mwanaidi aliketi juu ya gunia.

Abdulrahim alikuwa na shamba pembeni kabisa mwa hifadhi. Misimu miwili mfululizo tembo walimfagilia kila kitu, na watoto wake walishinda na uji mwepesi. Ndipo wakaja watu wawili na pikipiki nyekundu, wageni, wakamwambia: wewe tutegee tu, mengine tuachie. Mwanaidi aliyajua mashaka ya mdogo wake. Alimbeba mgongoni mtoto yule tangu baba yao alipokufa.

Alimpigia simu Yotham. Doria ilikuwa mbali, saa mbili nzima kufika. Akakodi bodaboda mpaka shambani.

Alifika saa kumi jioni, jua bado kali. Shamba lilikuwa limevunwa, jeupe. Lakini kuanzia mpakani mwa hifadhi mpaka kwenye bwawa, maboga yalikuwa yamepangwa, moja hapa, jingine pale. Aliinama kwenye la kwanza. Lilikuwa limekatwa kipande cha mraba, kisha kipande kikarudishwa kama kizibo. Kule juu ya vichaka vumbi lilikuwa likipanda. Tembo walikuwa njiani kwenda kunywa maji.

Akaanza kuyakusanya. Alifunga mikono kwa vipande vya khanga yake, akawa anabeba moja moja na kulitumbukiza kwenye shimo la choo ambalo halijamaliziwa. Anakimbia, anarudi. Anakimbia, anarudi. Abdulrahim akatokea kibandani na panga mkononi.

"Dada, acha! Ondoka hapa! Wale watu watakuja kuangalia."

"Nisaidie kubeba."

"Wamenimaliza, dada! Mwaka jana wamekula, mwaka juzi wamekula. Na baba? Baba walimuua wao! Umesahau?"

Ndipo Mwanaidi akasema neno alilolificha tangu akiwa na miaka tisa. Amina alilisikia baadaye mahakamani. Abdulrahim mwenyewe amenithibitishia.

"Ule waya mguuni mwa tembo yule ulikuwa wa baba," alisema. "Aliutega yeye mtoni, akiwinda nyama. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemshikia ncha ya waya wakati anaufunga. Nilishika kwa mikono hii."

Abdulrahim alishusha panga. Hakumsaidia. Lakini hakumzuia tena.

Na tembo wakatokea. Mama mmoja mbele, wengine sita nyuma, na watoto wawili katikati. Boga moja lilikuwa limebaki. Lilikuwa katikati ya uwanda, hatua thelathini kutoka kwa Mwanaidi, na hatua kama hizo kutoka kwa yule mama tembo.

Mwanaidi alijikojolea, wasikilizaji. Sisemi haya kumdhalilisha. Aliyasema mwenyewe mbele ya hakimu bila kuinamisha kichwa. Alisema: "Miguu ilikataa. Nikailazimisha. Nilijikojolea nikiwa natembea."

Alitembea. Mama tembo alisimama, akatanua masikio, akapiga kelele iliyotetemesha kifua. Mwanaidi alifika kwenye boga, akainama, akalikumbatia. Akaanza kurudi nyumanyuma bila kugeuka, boga kifuani, machozi yakimtiririka. Mama tembo alipiga hatua mbili kumfuata. Kisha akanusa upepo, akageuza kichwa, akawaongoza wenzake bwawani. Tembo tisa walikunywa maji jioni ile. Tembo tisa walirudi hifadhini.

Askari walifika jua likizama. Yotham anasema walimkuta Mwanaidi amelala chini, anatapika, mikono imevimba kwa sumu iliyopenya khanga. Abdulrahim alikuwa ameketi kando yake. Angeweza kukimbia. Hakukimbia.

"Nani kaweka haya maboga?" Yotham aliuliza.

Mwanaidi alimtazama mdogo wake. Kisha akasema, "Ni huyu. Ni mdogo wangu, Abdulrahim Nurdini. Na wenzake wana pikipiki nyekundu."

Jina la Jiten hakulitaja. Jiten ndiye aliyeniruhusu wiki hii nilitaje.

Abdulrahim alifungwa miaka mitano. Mgeni mmoja alikamatwa. Wa pili hajapatikana mpaka leo. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo hofu ilipohamia nyumbani kwa Mwanaidi moja kwa moja. Kila alasiri pikipiki ilisimama mbele ya ua wake. Injini inanguruma, dereva hashuki, hasemi. Anakaa, anaondoka. Kuku wake walikutwa wamekufa wote asubuhi moja. Ukoo nao ulimtenga. Arusini hakualikwa. Kisimani wanawake walimpisha kama mwenye ugonjwa.

Amina alimchukua akaishi naye Msalato, nje kidogo ya Dodoma mjini. Ndege zikipita juu ya paa, mama anajificha chini ya meza. Baada ya miezi saba akafunga mzigo wake.

"Nikamwambia, mama, kule watakuua," Amina anakumbuka. "Akanijibu: Huku naogopa vilevile, mwanangu, na tembo siwaoni."

Alirudi. Pikipiki ilikuja tena mara chache, kisha ikakoma, hakuna anayejua kwa nini. Mwanaidi aliendelea kutegua mitego mpaka mwaka jana, shinikizo la damu lilipomlaza. Siku zake za mwisho hospitalini alikuwa anaamka ghafla na kumwuliza Amina kama mlango umefungwa. Amina anajibu umefungwa, mama. Anauliza tena.

Alizikwa Ijumaa, baada ya swala, kijijini kwao. Abdulrahim alikuwepo. Ndugu hawa wawili hawakuwa wamesemezana tangu siku ya hukumu. Nilimwuliza kama amemsamehe dada yake. Alichora chini kwa kidole.

"Sijui," aliniambia. "Watoto wangu walikua bila mimi. Hilo halijaisha moyoni. Lakini jeneza nililibeba tangu nyumbani mpaka kaburini. Watu walikuja kunipokea, sikumpisha mtu."

Wasikilizaji wapendwa, Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kwako Amina, pole sana. Kwako Abdulrahim, na wanao, poleni. Kwa Yotham na askari wenzake, poleni. Mungu awape subira, na amrehemu Mwanaidi Nurdini, mahali ambapo hatahitaji tena kuangalia nyuma.

Nasi tuliobaki, tujiulize jioni hii. Mama huyu alipokuwa ametengwa kisimani, pikipiki ikinguruma mlangoni kwake mchana kweupe, majirani walikuwepo. Waliona. Sisi tungekuwa majirani zake, tungetoka nje tukasimama naye? Wasikilizaji wapendwa, huenda karibu na ulipo yupo mtu anayeogopa hivyo sasa hivi. Zima redio, nenda ukamjulie hali.